Muchiri wa Vidole Tisa na Mlango wa Juu

Ephantus Muchiri alikuwa na vidole tisa mikononi, na cha kumi alikuwa nacho mdomoni. Ukimwuliza kilienda wapi, jibu lilitegemea wewe ni nani. Watoto wa Sunday school aliwaambia kimetangulia mbinguni kumshikia nafasi. Wanaume wa soko la Ndanai aliwaambia kilipanda lori pamoja na magunia, kikafika mnada wa Mombasa, kikauzwa kama chai ya daraja la kwanza. Watu walicheka, na yeye alicheka nao. Ni Jecinta tu, bibi yake, aliyejua kwamba mashine ya kukatia majani ya chai kule kiwandani ikianza kunguruma asubuhi, ule mkono hujificha mfukoni wenyewe, kama mtoto aliyesikia sauti ya mwalimu.

Mashine hiyo hiyo ndiyo iliyokula kidole, siku ambayo kifuniko chake kilikuwa kimetolewa ili kazi iende mbio. Kazi ilienda mbio kweli, na kidole kikaenda nayo. Muchiri alimshukuru Mungu kwamba kilikuwa kimoja. Lakini fundi asiyeweza kukaza spana ni kama mpiga ngoma asiye na viganja, basi wakamtoa kwenye mashine wakampeleka stoo, akawa anagawa glavu na gambuti.

Watu wa kiwanda walimpenda. Babake alitoka Murang'a zamani akafungua duka la nguo Sotik, na Muchiri alizaliwa papo hapo, akanywa mursik, maziwa ya mgando ya Wakipsigis, kabla ya kuota meno. Kipsigis alikiongea hadi vitendawili. Hakukosa harusi, hakukosa matanga, na kanisani ndiye aliyekuwa akiitwa kufunga ibada kwa maombi wakati watu wana njaa, kwa sababu maombi yake yalikuwa mafupi.

Siku moja meneja, Mzee Kiptanui, alimwita ofisini.

"Muchiri, tunatakiwa tuwe na msimamizi wetu wa usalama na afya kazini. Mtu aliyesoma hiyo kazi. Nimeandika jina lako."

"Mimi, Mzee? Mimi niliyeliwa kidole?"

"Ndiyo sababu. Wewe hutasahau somo." Kiptanui akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini nisikie vizuri. Mafunzo yana mtihani wa vitendo hapa kiwandani. Ukipita, kazi ni yako. Ukianguka, wataleta kijana kutoka Nairobi, na hiyo stoo nitampa aitumie kama ofisi. Wewe utaenda kubeba kuni za boila."

Muchiri alitoka pale ameogopa. Si kuni alizoogopa sana. Aliogopa huyo kijana wa Nairobi, ambaye angekuja na viatu safi na kubandika makaratasi ukutani, halafu kifuniko cha mashine kitolewe tena siku ya majani mengi, na mtoto wa mtu mwingine aanze kudanganya watu sokoni kuhusu kidole chake.

Mafunzo yalifanyika Kericho, kwenye ukumbi wa hoteli moja wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe kama maharusi. Mwalimu alikuwa Madam Shirley, mwanamke mfupi wa Kiambu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Wanafunzi walikuwa wasimamizi kutoka mashamba ya chai, viwanda vya mbao, na mmoja wa kiwanda cha maziwa aliyekuwa akisinzia kila baada ya chai ya saa nne.

"Hatari ukiiona," alisema Madam Shirley, "kwanza iondoe kabisa. Haiondoki? Badilisha ulete kitu kisicho na ubaya mwingi. Haiwezekani? Izungushie ukuta. Halafu fundisha watu. Glavu na kofia ngumu ni mwisho wa safari. Sasa nyinyi mnaanza na mwisho! Mtu amesimama mbele ya shimo, mnampa gambuti."

Muchiri akainua mkono, ule wa vidole vinne. "Madam, hayo ni kweli. Mimi glavu nilikuwa nayo. Ilienda pamoja na kidole."

Ukumbi ukacheka, kisha wote wakageuka kuutazama mkono ule. Hata yule wa maziwa aliamka. Tangu hapo Madam Shirley akawa anamwita "shahidi wangu."

Kila alipotoka mafunzoni, Muchiri alirudi nyumbani na moto mwingi kuliko boila. Alikagua jikoni kwa Jecinta, akahamisha kisu, akahamisha mafuta ya taa, akahamisha sufuria, mpaka Jecinta akawa anapika huku akiuliza njia. Alikagua choo. Alikagua kiota cha kuku akasema hakina mlango wa dharura. Halafu akafika kwa Tumaini, ng'ombe wao, ambaye alikuwa na historia ya kupiga teke.

"Mama Vivian, kuanzia leo hukamui bila kofia ngumu."

"Baba Vivian, huyu ng'ombe hupiga teke la ndoo. Kichwa changu kiko mbali na ndoo."

"Usalama kwanza."

Jecinta ni mwanamke wa amani. Alivaa kofia ile ya manjano, akafunga kamba kidevuni, akachuchumaa. Tumaini akageuza shingo. Akaona kitu cha manjano kinachong'aa kikimjia tumboni. Ndoo ilienda upande wa Sigor, maziwa yakaenda upande wa Soin, na Jecinta akaenda chini, kofia ikamfunika mpaka puani.

Alipoinuka hakukasirika. Alivua kofia akaitia mikononi mwa mume wake taratibu.

"Umepanga vizuri sana," alisema. "Umekosa kitu kimoja tu. Tumaini hukumwuliza."

Muchiri aliona huo ni utani wa mwanamke aliyemwagikiwa na maziwa. Akacheka, akasahau.

Siku ya mtihani ikakaribia. Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: king'ora kitalia kana kwamba kuna moto, na kila mtu aliye kiwandani atoke hadi uwanja wa karibu na mizani ya malori, kabla ya muda aliouweka Madam Shirley kwisha. Mtu mmoja akibaki ndani, Muchiri ameanguka. Mlinzi wa mlango akitoroka mlango wake kabla ya mtu wa mwisho kutoka, Muchiri ameanguka.

Mahali pagumu palikuwa ghorofa ya juu, ambapo majani mabichi hutandazwa yanyauke. Ngazi yake ilikuwa nje, ya chuma, nyembamba kiasi kwamba mnene na mwembamba wakipishana pale, mwembamba anatoka amepigwa pasi. Upande wa nyuma kulikuwa na mlango mwingine na ngazi nyingine, lakini Mzee Kiptanui alikuwa ameufunga kwa mnyororo, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakiteremkia huko kwenda kununua andazi.

Muchiri alikusanya watu akawagawia kazi. Mlango wa juu alimpa Kipkurui, kijana wa boila, mwenye kifua kipana na mwenye kutii. Alimvisha fulana ya kung'aa.

"Wewe utasimama hapa mlangoni, juu ya ngazi. Hata mbingu zishuke, hutoki mpaka mtu wa mwisho apite. Sema ndiyo mbele ya hawa wote."

Kipkurui alitazama viatu vyake. "Mzee, hakuna mlango mwingine naweza kupewa? Hata ule wa stoo?"

"Mlango ni mlango, kijana! Unaogopa ngazi?"

"Siogopi ngazi."

"Basi?"

Kipkurui akasema ndiyo. Kwenye benchi la wanawake, mama mmoja aitwaye Rebeccah, mtandazaji majani wa miaka mingi, alivuta leso yake kichwani, akaangalia dari. Muchiri hakuona kitu. Na si kwamba hakujua! Miezi michache tu nyuma alikuwa kwenye harusi ya Kipkurui na Chelangat, binti ya huyu huyu Rebeccah. Alikula wali mara mbili. Aliona kwa macho yake jinsi bwana harusi alivyokuwa akizunguka nyuma ya hema kila mama mkwe alipopita mbele. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawapishani kwenye njia nyembamba, na mmoja akimwona mwingine anakuja, anaingia kwenye majani ya chai ili mwenzake apite kwanza. Pasta amehubiri mara nyingi kwamba sasa sisi sote ni wa familia moja. Watu husema amina kwa mdomo. Miguu, hiyo bado haijaokoka.

King'ora kililia asubuhi yenye jua. Madam Shirley alikuwa uwanjani, saa mkononi. Watu walitoka kwa fujo kidogo na vicheko vingi, wengine wakiwa bado na vikombe. Janeffer, mnyapara wa zamu, akasoma majina. Kila mtu akaitika. Likaitwa jina la Rebeccah. Kimya. Likaitwa tena. Kimya.

Wote wakatazama juu. Pale mlangoni, fulana ikimeremeta, Kipkurui alikuwa amesimama kama nguzo ya stima, lakini uso ameupa ukuta.

Muchiri alipanda ngazi akihema. Alipofika juu alisikia mazungumzo ambayo hajayasahau.

"Yule aliye ndani aambiwe atoke, king'ora kimelia," Kipkurui aliuambia ukuta.

"Yule aliye mlangoni aambiwe apishe kwanza," Rebeccah aliyaambia majani ya chai.

"Yule aliye mlangoni amekatazwa kuondoka mpaka mtu wa mwisho apite!"

"Basi yule aliyemkataza aje atutoe hapa, kwa sababu mimi sitapita kwapani mwa mtu."

Muchiri akashika kichwa. Harusi yote ikamrudia, na ule wali pia. "Kipkurui," alinong'ona, "shuka ngazi moja tu."

"Mzee, Madam ananiangalia. Nikishuka umeanguka."

"Mama Chelangat, pita tu haraka, hata Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa, Muchiri. Dada zangu hawataelewa."

Chini muda ulikuwa unakwisha. Muchiri aliziona kuni za boila zikimngoja. Ndipo lilipomjia jambo alilozoea kufanya watu wakiwa na njaa.

"Tuombe," akasema kwa sauti kubwa.

Hakuna mtu wa upande huu anayekataa neno hilo. Kipkurui akavua kofia papo hapo, akainamisha kichwa, macho kafunga kabisa, uso kaubana kwenye ukuta. Sasa Rebeccah angeweza kupita bila kuonwa wala kuguswa. Muchiri akafungua jicho moja amwashirie.

Rebeccah naye alikuwa amefunga macho. Leso mkononi, midomo ikitetemeka, amezama katika maombi kama mtu aliye madhabahuni. Mama yule hajawahi kutembea watu wakiomba tangu abatizwe, na hakukusudia kuanza leo.

Si hayo tu. Watu wa uwanjani walipoona vichwa vimeinama pale juu, nao wakainamisha vyao. Dereva wa lori akazima injini. Madam Shirley alitazama huku na huku, akaona ni yeye peke yake amebaki macho wazi, akafunga yake pia, saa ikiendelea mkononi.

Muchiri akaona hakuna njia ila kupitia huko huko alikoingia. "Bwana," akapaza sauti, "twakushukuru kwa siku hii. Na sasa Bwana, mtumishi wako Rebeccah, mfungue macho. Macho yake tu, Bwana, ya wengine yabaki yamefungwa. Mwongoze hatua zake mpaka mlangoni. Umsaidie ashuke ngazi sasa hivi, Bwana, wala asingojee amina, kwa maana amina itachelewa."

Rebeccah akafungua macho. Akainua sketi kidogo, akajipitisha upande upande kama karatasi chini ya mlango, akashuka. Kila kidato alisema, "Amina." Alipokanyaga nyasi Muchiri akafunga maombi, na uwanja mzima ukaitikia.

Madam Shirley akaangalia saa yake. Akatikisa kichwa.

"Muda umepita, shahidi wangu. Umepita sana. Nini kimewachelewesha? Huyu mama alikuwa mgonjwa?"

Kipkurui alikuwa ameshuka, ameganda upande mmoja wa uwanja. Rebeccah alikuwa upande wa pili, amejifunika leso. Neno moja tu, "Ndiyo, alishikwa na kizunguzungu," na pengine Madam angehurumia. Muchiri alilifikiria neno hilo. Lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Mama ni mzima," akasema. "Mimi ndiye mgonjwa. Nilimweka mkwe mlangoni mwa mama mkwe. Na wali wa harusi nilikula."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ilibidi Janeffer amweleze Madam Shirley ile desturi, naye akacheka pia, akifuta machozi. Kisha akamgeukia Rebeccah kwa upole.

"Mama, na huo moto ungekuwa wa kweli?"

Rebeccah ni mtu asiyeweza kusema uongo. Alifikiri kwanza.

"Ningepitia dirishani," akasema.

Wote wakainua macho kutazama dirisha. Chini yake palikuwa na lundo la kuni za boila, zimechongoka. Kicheko kikakatika kama uzi. Na Muchiri, aliyekuwa akifikiria stoo yake, alihisi ule mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Madam Shirley hakumpa cheti siku hiyo. Alimpa nafasi moja ya mwisho, baada ya wiki mbili.

Muchiri alifika nyumbani akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya Tumaini. Jecinta akamletea chai.

"Ni kweli sikumwuliza," alisema Muchiri.

"Ng'ombe?"

"Kila mtu."

Kesho yake aliacha makaratasi, akaanza kuzunguka. Alimwuliza kila mtu, mmoja mmoja, pembeni: ukisikia king'ora, kuna kitu gani kitakuzuia kutoka? Wengine walimcheka. Wengine walifungua mioyo. Dada mmoja alisema ngazi za chuma zinamtia kizunguzungu, anahitaji mtu wa kutangulia mbele yake. Bosire wa mashine ya kukaushia, aliyeishi na kelele miaka na miaka, alikiri kwamba king'ora hakisikii kabisa. "Mimi huona tu watu wakikimbia, nami nakimbia," alisema. "Siku nikiwa peke yangu, sijui." Muchiri alikuwa amefanya kazi naye tangu ujana, na hakuwahi kujua. Akamtafutia taa nyekundu ya kuwaka pamoja na king'ora.

Likabaki lile la mnyororo. Mzee Kiptanui aliposikia, alipandisha mabega.

"Huo mlango haufunguliwi. Watakwenda andazi."

"Tuweke komeo la ndani tu, Mzee, la kusukuma, na kengele. Ukifunguka inalia. Mtu wa andazi tutamsikia."

"Hapana, Muchiri."

Muchiri alikuna kidevu kwa vidole alivyobakiwa navyo. "Sawa, Mzee. Lakini juzi ulisema mama mkwe wako anataka kuja kuona kiwanda. Tumkaribishe. Atapanda juu, atazame majani. Halafu kwa bahati mbaya moto. Na wewe, kama meneja, uko wapi? Uko ngazini, unaelekeza watu."

Kiptanui alikohoa. Alitazama dirishani, upande wenye ngazi. Kisha akavuta droo akatoa ufunguo wenye kutu.

"Nenda kabla sijabadilisha mawazo," akasema. "Na mama huyo usimwalike."

Madam Shirley alirudi siku ya mawingu. Kwenye mlango wa mbele wa juu alisimama Kipkurui, kwa sababu bado ndiye mwenye kifua. Kwenye mlango wa nyuma alisimama Janeffer. Uwanja nao ulikuwa na sehemu mbili za kukusanyikia, moja kila upande wa mizani. King'ora kikalia, taa ya Bosire ikawaka, na Bosire akatoka akiwa wa kwanza kwa mara ya kwanza maishani mwake, mikono juu kama mshindi wa mbio. Rebeccah alipitia nyuma, akashuka taratibu, kichwa wima, kama mtu anayetoka kwenye nyumba yake mwenyewe. Majina yakasomwa. Kila jina likaitika.

Madam Shirley alitazama saa, akatazama watu. "Leo hamuombi?"

"Leo tumeomba kabla," alisema Muchiri.

Madam akampa mkono wa pongezi. Muchiri alitoa ule wa vidole vinne bila kufikiri, na Madam akaushika kwa mikono yake yote miwili.

Watu walipokuwa wakirudi kazini, Rebeccah alibaki amesimama kando ya mizani. Hakugeuka. Aliongea na lori lililokuwa pale.

"Yule wa mlangoni aambiwe, siku ile niliona. Hata kama ungekuwa moto wa kweli, angeungua pale akinisubiri."

Upande wa pili wa lori, Kipkurui alikuwa anavua fulana. Alijibu akiliangalia gurudumu.

"Yule wa ndani aambiwe, ningetoroka, Chelangat angeniua kabla ya moto."

Leso ya Rebeccah ikatikisika kwa kicheko, naye akaondoka. Muchiri, aliyekuwa katikati, alifikisha salamu zote mbili kwa wenyewe, ingawa zilikuwa zimeshafika.